Bodi ya mradi wa sauti ikikata kauli: ipime kabla hujaizika

Umewasha pedali ya gitaa uliyoijenga kwa wiki tatu. Taa haiwaki, spika haitoi hata mkwaruzo, na kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kimechomekwa. Mkono unakuwasha kuchomoa na kuchomeka tena, na tena. Uzuie. Kama kuna shoti mahali, kila unapochomeka unaongeza madhara, na kama haipo, hujajifunza lolote.

Bodi nyingi za maikrokontrola (chipu inayoendesha programu ya mradi wako) zinazoitwa maiti bado zinapumua. Kebo haipitishi data, pini ya riseti imevutwa chini (imeshikwa kwenye volti sifuri), au programu mbovu imeikwamisha USB. Zile zilizokufa kweli kwenye miradi ya sauti, kwa niliyoyaona, mara nyingi zimeuawa na kitu cha upande wa sauti: adapta, waya wa spika, au ishara iliyoingia kwa nguvu mno. Kwa hiyo kuna kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kujua kama bodi imekufa. Ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kumkamata muuaji kabla hujampelekea bodi nyingine.

Nasema hivyo kwa uchungu. Niliwahi kuunguza bodi ndogo ya ESP32, nikailaumu bodi yenyewe, nikaweka mpya, nayo ikaungua ndani ya sekunde moja. Ya tatu sikuichomeka. Nilikaa chini na mita ndipo nikagundua kuwa adapta ya pedali niliyoitumia ilikuwa na hasi katikati ya plagi na chanya nje. Huo ndio mtindo wa kawaida wa adapta za pedali za gitaa, na ni kinyume kabisa cha tundu la Arduino Uno, ambalo linataka chanya katikati. Uno ina dayodi ya kuzuia kosa hilo kwenye tundu lake. Bodi yangu haikuwa nayo.

Vifaa vyenyewe ni vichache: multimita, kebo ya USB ambayo umewahi kuitumia kuhamisha faili, na habu ya USB yenye adapta yake, ili likitokea la kutokea liishie kwenye habu na si kwenye kompyuta. Ukiwa na pawasaplai ya mezani inayoweza kubana mkondo, kazi inakuwa rahisi zaidi. Oskiloskopu, kile chombo cha kuchora umbo la ishara, si lazima. Huko mbele nitakuonyesha namna ya kuikwepa.

Imekufa kwa namna gani?

Kabla ya kushika bisibisi, amua uko wapi kati ya hali hizi. Huenda hakuna dalili yoyote ya umeme. Huenda taa ya umeme inawaka lakini kompyuta haioni bodi. Huenda kompyuta inaiona lakini programu haipakiki. Au kila kitu kinaonekana sawa isipokuwa sauti haitoki. Hali ya kwanza ni ya saketi ya umeme, ya pili na ya tatu ni za mawasiliano na uwashaji, na ya nne aghalabu haihusu bodi hata kidogo. Taa ya umeme kuwaka, kwa njia, hakuthibitishi kwamba chipu ni nzima. Taa hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye umeme na ingewaka hata kama chipu ingekuwa imeng'olewa.

Andika pia ulichofanya mara ya mwisho bodi ikiwa nzima. "Nilibadilisha spika" au "nilisogeza waya wa maikrofoni" ni maneno machache yanayoweza kuokoa saa mbili za kupima.

Vua kila kitu

Piga picha ya nyaya zote, kisha zichomoe: amplifaya, DAC (chipu inayogeuza namba kuwa ishara ya sauti), maikrofoni, skrini, potenshomita, betri. Bodi ibaki peke yake mezani, juu ya karatasi kavu au ubao, wala si juu ya kopo la chuma la mradi.

Tahadhari moja kuhusu amplifaya. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 iliyochajiwa kwa volti 24 hubaki na chaji baada ya kuchomoa umeme, na ukiigusisha kwa bahati mbaya kwenye pini ya bodi unamaliza mjadala wote. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya chanya na hasi yake kwa nusu dakika, halafu ipime uhakikishe imeshuka.

Sasa tumia macho na pua. Mulika tochi ya simu kwa ubavu, si kutoka juu, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha vijitone vya lehemu na nyuzi za waya zilizolala kati ya pini mbili. Tafuta tundu dogo au uvimbe kwenye chipu, regyuleta (chipu inayoshusha volti na kuzituliza) iliyobadilika rangi, kapasita iliyovimba kichwani. Angalia pia kama bodi ilikuwa imekaa sawasawa kwenye soketi yake. Bodi iliyosogea pini moja pembeni ni kosa la kawaida mno, na linaweza kuupeleka umeme wa adapta mahali pa GND (hasi ya saketi, volti sifuri) au pa volti 3.3.

Pima ukinzani kabla ya kuwasha

Umeme ukiwa umezimwa, weka mita kwenye omu na upime kati ya pini ya 5V na GND, kisha kati ya 3V3 na GND. Namba itaanza chini na kupanda polepole kwa kuwa mita inachaji kapasita za bodi. Hiyo ni dalili nzuri. Ikitulia kwenye mamia ya omu au zaidi, songa mbele. Ikiganda chini ya omu 10 hivi, una shoti. Usiamini mlio wa mita peke yake, maana kapasita tupu huifanya ilie kwa nukta moja hata kwenye bodi nzima. Ukiwa na bodi nyingine nzima ya aina ileile, ipime kwanza: namba zake ni bora kuliko jedwali lolote.

Shoti ikiwepo, mshukiwa wa kwanza ni regyuleta, na wa pili ni chipu yenyewe. Kwa mwenye pawasaplai ya mezani, weka volti 1 tu na ubane mkondo kwenye miliampia 500, kisha ulishe njia yenye shoti. Dondoshea bodi matone ya spiriti ya aisopropili: panapokauka mapema kuliko kwingine ndipo umeme unapopotelea. Usitumie kidole kwanza. Chipu yenye shoti inaweza kukuachia lengelenge. Ikiwa regyuleta ndiyo inayochemka, ing'oe na upime upya. Shoti ikiondoka nayo, badilisha regyuleta na bodi ina nafasi nzuri ya kurudi. Ikibaki na chipu kuu ndiyo yenye joto, hapo ndipo neno "imekufa" linapostahili.

Washa kwa woga, upime volti

Hakuna shoti? Chomeka bodi tupu kwenye habu. Bodi peke yake huvuta makumi machache ya miliampia, ila ESP32 inaweza kufika mamia kwa muda mfupi inapowasha redio yake. Sogeza mgongo wa kidole karibu na chipu na regyuleta bila kugusa. Joto linalosikika ndani ya sekunde chache ukiwa hujaunganisha kitu si la kawaida; chomoa.

Ukiwa na ncha nyeusi kwenye GND, pima pini ya 5V. Kwa umeme wa USB utarajie kati ya volti 4.75 na 5.25, au pungufu kidogo pale bodi ilipoweka dayodi njiani. Pima pini ya 3V3: iwe kati ya 3.2 na 3.4. Tafsiri yake ni hii:

- 5V haipo kabisa: kebo, tundu la USB lililong'oka lehemu, au fyuzi. Uno ina fyuzi ya kujirudisha ya miliampia 500 kwenye njia ya USB. Ikipata moto hukata, na ikipoa hurudi, kwa hiyo ipe dakika chache kabla ya kuihukumu.
- 5V ipo, 3V3 haipo: regyuleta ndogo imekufa, au kuna kitu kinaivuta chini.
- 3V3 inasoma 4 au 5: regyuleta imeungua ikawa kama waya. Chipu ya volti 3.3 iliyokaa kwenye hali hiyo kwa kawaida haiponi.

Kama bodi yako hula kupitia pini ya VIN au tundu la adapta, rudia vipimo kwa njia hiyo pia, baada ya kupima adapta yenyewe ikiwa haijaunganishwa popote: volti ngapi, na chanya iko upande gani. Uno inapendekezewa volti 7 hadi 12 hapo. Kumbuka hesabu ya joto. Ukiwa na adapta ya volti 12 na mzigo wa miliampia 300 kwenye 5V, regyuleta inamwaga volti 7 mara ampia 0.3, yaani wati 2.1, kama joto tupu, na itajizima au kuchoka. Halafu kuna wale wanaoingiza volti 12 kwenye pini ya 5V wakidhani nayo inapitia regyuleta. Haipitii.

Kompyuta haioni bodi

Badilisha kebo. Kuna kebo za kuchaji tu, ndani yake nyaya za data hazipo kabisa, na nje zinafanana na nyingine zote. Kisha tazama kama kompyuta inaona chochote: kwenye Windows fungua orodha ya vifaa, kwenye Linux tumia amri ya lsusb au dmesg mara baada ya kuchomeka. Kikionekana kifaa kisichojulikana, huenda ni draiva ya chipu ya USB, kama vile CH340 au CP2102, ambayo ni tofauti na maikrokontrola yenyewe. Hizo ni roho mbili kwenye mwili mmoja, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki.

Kwa Uno kuna jaribio zuri la kuzitenganisha. Unganisha RESET na GND kwa waya, ili maikrokontrola ikae kimya, kisha unganisha pini 0 na pini 1. Fungua dirisha la mawasiliano ya siriali na uandike chochote. Maneno yakirudi jinsi ulivyoyaandika, njia ya USB ni nzima na mgonjwa ni ATmega328P, yaani maikrokontrola ya Uno. Yasiporudi, tatizo ni la upande wa USB, na hiyo ATmega huenda haina hatia.

Bodi nyingine zina mlango wake wa nyuma. Raspberry Pi Pico: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo. Diski iitwayo RPI-RP2 ikitokea, chipu iko hai, kwa sababu kipande hicho cha programu kiko kwenye kumbukumbu isiyofutika, wala programu yako mbovu haiwezi kukigusa. Teensy 4.0 na 4.1: shikilia kitufe chake kwa sekunde 15 hivi hadi taa nyekundu imulike, kisha achia, itafuta ulichopakia na kurudisha programu ya kuwasha na kuzima taa.

ESP32 husema yenyewe. Fungua siriali kwa kasi ya 115200 na ubonyeze kitufe cha EN, ambacho ndicho riseti yake. Ikiandika "waiting for download", pini ya GPIO0 imevutwa chini. Ikiandika "Brownout detector was triggered", umeme unashuka. Ikirudia kujiwasha bila kukoma huku ikilalamikia kusoma flashi (kumbukumbu inayotunza programu), chunguza GPIO12. Pini hiyo ikiwa juu wakati wa kuwasha, moduli huamini flashi yake ni ya volti 1.8, nayo kwenye moduli za kawaida ni ya 3.3, basi haiamki. Watu huunganisha DAC au kitufe chenye rezista ya kuvuta juu kwenye GPIO12 na kulia kwamba bodi imekufa. Ndiyo maana tulivua nyaya zote mwanzoni. Kwenye moduli za WROOM epuka pia GPIO6 hadi 11, kwani ndizo zinazozungumza na flashi.

Na usisahau riseti. Pini ya RESET kwenye Uno ipime kwa volti 5, EN ya ESP32 na RUN ya Pico kwa 3.3 hivi. Ikisoma karibu na sifuri, bodi iko usingizini kwa amri, na kitufe kilichokwama kinatosha kuwa sababu.

Kama ATmega bado haijibu, tumia Uno nyingine kama kipakiaji. Ipakie mfano wa ArduinoISP, kisha pini 10 iende RESET ya mgonjwa, na 11, 12 na 13 ziende kwa majina yaleyale upande wa pili, pamoja na 5V na GND. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno inayopakia, upande hasi ukiwa GND. Chipu ikijitambulisha kwa saini 1E 95 0F, iko hai. Ichomee tu upya butiloda, ile programu ndogo inayopokea programu zako. Isipojitambulisha, huenda iliwekewa mpangilio wa saa usiolingana na kristali yake, au huenda kweli imekwenda.

Pini moja moja

Kuna hali ya katikati inayosumbua: bodi inawaka, inapakia, lakini pini moja iliyopokea sauti imeungua. Zima umeme, weka mita kwenye dayodi, ncha nyekundu kwenye GND na nyeusi kwenye pini moja baada ya nyingine. Unapima dayodi ya ulinzi iliyo ndani ya chipu, na pini nyingi zitasoma kati ya 0.4 na 0.7. Usitafute namba kamili, tafuta pini inayotofautiana na majirani zake. Inayosoma sifuri imeshikana na GND, na inayosoma kama waya uliokatika imepoteza dayodi yake.

Je, bodi yenye pini moja mfu itumike? Kwa majaribio ya mezani, ndiyo, hamishia kazi kwenye pini nyingine. Kwa kifaa utakachopanda nacho jukwaani, mimi siithubutu. Kilichounguza pini hakikuishia pini.

Bodi nzima, sauti hakuna

Hapa ndipo bodi nyingi hutupwa bure. Rudisha DAC peke yake, bila amplifaya, na upakie programu inayotoa mlio mmoja wa hezi 440. Hesabu GND mara mbili: DAC na bodi lazima ziwe na GND moja.

Sasa ile mbinu ya kukwepa oskiloskopu. Bodi huipelekea DAC sauti kwa njia iitwayo I2S, yenye saa mbili: LRCK ya sampuli na BCK ya biti. Ishara ya LRCK hukaa juu nusu ya muda na chini nusu ya muda, kwa hiyo mita ya volti ya DC huisoma kama nusu ya volti 3.3, karibu 1.65. BCK nayo hivyohivyo, ingawa ina kasi kubwa: kwa sampuli 44,100 za stereo ya biti 16 ni hezi milioni 1.4. Ukisoma 0 au 3.3 iliyotulia, saa haitembei, na kosa liko kwenye programu au umechagua pini isiyo yake. Ukisoma katikati kwenye zote mbili, bodi yako inafanya kazi yake, geukia DAC.

DAC ya PCM5102A hunyamaza ikiwa pini yake ya XSMT iko chini. Iunganishe na 3.3. SCK yake iunganishe na GND kama hutumii saa ya nje. MAX98357A, ambayo ni DAC na amplifaya pamoja, ina pini ya SD, ikiwa chini inajizima kabisa. Kabla ya kulaumu kitu kingine, pima hizo.

Nani aliua?

Usiweke bodi mpya hadi upate jibu. Nianze na mshukiwa ninayemjua sana: ishara ya sauti kwenye pini ya ADC (inayogeuza volti kuwa namba). Sauti hupanda juu na kushuka chini ya sifuri, na ATmega328P hairuhusu pini kushuka zaidi ya nusu volti chini ya GND. Laini ya kawaida ya vifaa vya nyumbani ina takriban volti 0.9 kutoka kilele hadi kilele, ambayo bodi inaweza kuivumilia. Ile ya kitaalamu hufika karibu 3.5. Na anayechukua sauti kutoka kwenye waya wa spika wa amplifaya ya wati 50 kwa spika ya omu 8 anakutana na kilele cha volti 28. Dawa ni kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 mfululizo, rezista mbili zinazolingana za kuinyanyua ishara hadi nusu ya umeme wa bodi, rezista ya kilo-omu 1 kuelekea pini, na dayodi mbili za Schottky za kukata kilele. Kama ishara ni ya spika, ipunguze kwanza kwa rezista mbili za kugawa volti.

Wa pili ni waya wa spika uliounganishwa na GND. Chipu ya amplifaya ya TPA3116D2 ikiwa katika mpangilio wa daraja, na MAX98357A siku zote, huendesha nyaya zote mbili za spika. Hakuna hasi pale hata kama bodi imeandikwa alama ya kutoa. Jeki ya chuma iliyofungwa kwenye kopo la chuma lililounganishwa na GND inatosha kuleta shoti.

Wa tatu ni umeme wa maikrofoni wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Ukichomeka mradi wako kwenye tundu hilo likiwa limewashwa, kapasita ya kwanza inasukuma mshtuko ndani. Zima, chomeka, subiri.

Wa nne haui, huangusha tu. Amplifaya na bodi zikila kutoka adapta moja, besi nzito huvuta umeme chini kwa milisekunde chache, bodi inajiwasha upya, nawe unaona wimbo unakatika. Mita haitakuonyesha kwa kuwa inasoma wastani. Weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu na amplifaya, peleka waya wa GND wa amplifaya moja kwa moja hadi kwenye adapta badala ya kuupitisha kwenye bodi, na ikibidi ipe bodi umeme wake.

Ukiwa tayari kuweka bodi mpya, lehemu soketi kwenye saketi badala ya bodi yenyewe, ili siku nyingine uichomoe bila kuichoma. Kwanza washa mradi soketi ikiwa tupu, upime kila tundu la soketi: panapostahili 5 pawe 5, panapostahili 3.3 pasiwe na zaidi, na pini za kuingiza sauti zikae katikati hata unapopiga gitaa kwa nguvu. Zima, chomeka bodi, washa na spika ndogo ya omu 8 ambayo hutaililia. Na juu ya tundu la adapta bandika kipande cha karatasi chenye volti na alama ya upande wa chanya. Changu nimekiandika kwa wino mwekundu.